Fremu ya kaboni na mkia uliokataa kutulia

Helikopta yenyewe ni ndogo, ya kurushwa kwa rimoti, ya daraja la 450: mapanga ya milimita 325, betri ya LiPo ya seli tatu, mkia unaozungushwa na mkanda, na uzito wa kama gramu 780 ikiwa tayari kuruka. Kwa mwaka mzima iliruka na fremu ya plastiki iliyokuja nayo, wala sikuwa na ugomvi nayo mpaka ilipoanza kula gia. Gia kuu ya tatu ilipopukutika meno ndani ya miezi miwili, niliagiza fremu ya kaboni. Nilitarajia mashine ileile, ila imara zaidi. Nikapata helikopta inayotikisa mkia kama mbwa aliyesikia geti likifunguliwa, na ilinichukua majuma matatu kukubali kwamba fremu mpya haikuwa na kosa.

Nianze na gia, maana hapo uamuzi ulikuwa sahihi. Pinioni, yaani gia ndogo ya mota, ina meno 13 na gia kuu ina 150, kwa hiyo rota ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, mota inakimbia zaidi ya mara 31,000. Meno ya gia kuu ni ya plastiki, madogo, na yanaingiliana na ya pinioni kwa kina cha kama milimita moja tu. Mwanzoni nililaumu gia zenyewe, nikabadilisha hadi mahali pa kuzinunua. Kisha siku moja nikaishika gia kuu kwa vidole viwili isizunguke, nikamwomba rafiki azungushe mota kwa mkono, huku na huko, kwa nguvu kidogo. Mwanga ulionekana kati ya meno, ukapotea, ukaonekana tena. Fremu ilikuwa inajikunja pale mota inapofungwa. Ukiwa angani na ukayapa mapanga pembe kubwa kwa ghafla, mota inasukuma gia na gia inaisukuma mota. Plastiki ikikubali kusogea hata nusu milimita, meno yanakutana kwa ncha badala ya ubavu. Hapo unasikia mlio mmoja mkali, kisha mota inapiga kelele peke yake na mashine inashuka.

Kwa tatizo la namna hiyo kaboni ni dawa halali. Ukakamavu wa nailoni ya kawaida ni gigapaskali 2 hadi 3. Bamba la kaboni iliyofumwa na kushikanishwa kwa epoksi linafika 50 hadi 70. Tofauti ya kiasi hicho haihitaji kifaa cha kupimia, mkono unatosha. Baada ya kufunga fremu mpya nilirudia jaribio lile la mota na gia, na mwanga haukuonekana tena. Tangu siku hiyo sijapoteza gia hewani.

Wepesi ni hadithi nyingine. Wengi hununua kaboni wakiamini wananunua uzito mdogo. Sentimita moja ya ujazo ya kaboni na epoksi ina gramu 1.6 hivi, nailoni ina 1.1, kwa hiyo kaboni ndiyo nzito. Unafuu unakuja kwa sababu bamba la milimita 1.2 linafanya kazi ya plastiki nene mara kadhaa. Lakini mabamba mawili hayasimami yenyewe. Yanahitaji nguzo za alumini katikati, nyumba za beringi za alumini, na skrubu za chuma kila kona. Nilipoweka fremu zote mbili kwenye mizani, kila moja na vifungo vyake, kaboni ilishinda kwa gramu nane. Betri mbili za aina moja huweza kupishana zaidi ya hapo.

Mabamba yalikuja yakiwa yamekatwa kwa mashine, kingo zake kali kama za kopo lililofunguliwa vibaya. Nilizisugua kwa msasa laini ndani ya beseni la maji, barakoa usoni, kisha nikapitisha uzi mwembamba wa gundi ya papo hapo kwenye ukingo ili tabaka zisianze kuachana. Maji si mbwembwe. Vumbi la kaboni ni vijiti vidogo mno vinavyowasha ngozi na kukera mapafu, na tena linapitisha umeme. Likitulia juu ya kidhibiti kasi cha mota kilicho wazi unajitafutia balaa. Nilisugua kingo zote za nje kwa uangalifu wa fundi seremala. Matundu ya ndani, yale yaliyotobolewa kupunguza uzito, niliyaruka. Nitayarudia.

Kuunganisha nako nilikosea mara ya kwanza. Nilikaa kwenye kiti, fremu mapajani, nikakaza skrubu moja baada ya nyingine mpaka mwisho, upande wa kushoto kisha wa kulia. Nilipopitisha shafti kuu kwenye beringi zake iliingia kwa kusukumwa. Fremu ya plastiki ingenisamehe, maana inajipinda kidogo na shafti inapata njia. Kaboni ikikazwa ikiwa imepinda, inabaki imepinda. Nikalegeza kila kitu, nikaisimamisha juu ya kioo, nikaiacha shafti ndani ya beringi, nikakaza kidogo kidogo kwa mshazari, huku kila baada ya skrubu kadhaa nikiinyanyua shafti na kuiachia. Ilipokuwa inadondoka yenyewe kwa uzito wake, tak, nilijua fremu imenyooka. Ndipo nikatoa skrubu moja moja na kuzirudisha na tone la gundi ya buluu ya kufungia nyuzi za skrubu. Kwenye plastiki gundi hiyo haina kazi na baadhi ya plastiki huzipasua. Skrubu ya chuma ndani ya alumini isipoipata itajifungua angani, na wala haitakuambia.

Pengo la pinioni na gia kuu nilipima kwa karatasi ya daftari: unaiweka katikati ya meno, unaibana mota, unakaza, unazungusha karatasi itoke. Itoke imekunjika mikunjomikunjo bila kuchanika. Hili linachukua dakika mbili, sina zaidi la kusema juu yake.

Sasa mkia. Mruko wa kwanza ulikuwa wa kuelea tu, urefu wa kiuno. Rota ilisikika safi, mashine ikawa inaitika haraka kuliko zamani, nikatabasamu. Kisha nikaona mkia unacheza: mtikisiko mdogo wa haraka, kushoto kulia, usiokoma. Kila mrushaji anajua dalili hiyo. Jairo, kifaa kinachohisi mkia ukihama na kuusahihisha, ikiwekewa unyeti mkubwa kupita kiasi, inasahihisha kupita, inarudi, inasahihisha tena. Basi nikashusha unyeti. Mkia ukatulia, lakini ukawa mvivu. Kila nilipoyaongezea mapanga pembe, pua ilihama kabla jairo haijaamka. Nikapandisha, mtikisiko ukarudi. Hapakuwa na namba katikati iliyofaa, wakati kwenye plastiki ile namba ya zamani ilikuwa inafanya kazi bila taabu.

Hatua yangu ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ilionekana kufaulu. Nilibandua tepu nyembamba ya sponji iliyoshikilia jairo, nikaweka nene na laini. Mtikisiko ukapungua kwa nusu. Nikaweka tabaka mbili. Sasa mkia ulitulia nikielea, na kwenye mizunguko ya kasi jairo ilianza kuyumba juu ya sponji yake kama kiti chenye mguu mmoja mfupi, helikopta ikawa inainamia upande bila kuambiwa. Nilikuwa nimeondoa dalili moja na kujipatia nyingine.

Rafiki niliyekuwa naruka naye, ambaye ana mashine kama yangu ila bado na fremu ya plastiki, aliweka kidole kwenye bomba la mkia rota ikiwa inapungua kasi, akasema, “Kaka, hii inanguruma. Yangu haingurumi hivi.” Aliiweka ya kwake chini ya kidole changu. Kweli, ilikuwa laini. Nikasema ni kwa sababu yake ni ya plastiki. Akanitazama. “Na mngurumo wenyewe umetoka wapi?”

Swali hilo ndilo kisa chote. Fremu haizungushi kitu. Haiwezi kutengeneza mtetemo. Inaweza kuupitisha tu au kuumeza. Plastiki ni mmezaji mzuri: inajikunja kidogo kwa kila pigo na kuugeuza mtetemo kuwa joto kabla haujafika kwenye jairo. Kaboni inaufikisha mzimamzima. Vihisi vya jairo ni vidude vya silikoni vidogo kuliko punje ya mtama, vinavyosoma mzunguko kwa kutetemeshwa vyenyewe ndani ya chipu. Mtetemo mkali wa nje ukivifikia, vinasoma mwendo ambao haupo, na servo ya mkia, mota ndogo inayogeuza pembe ya mapanga yake, inautii mwendo huo usiokuwepo.

Kwa bahati jairo yangu ina uwezo wa kuonyesha mtetemo kwenye kompyuta, mchoro wenye kilele kwa kila kasi. Kabla ya kuifungua nilikaa na kalamu. Rota kuu, mara 2,700 kwa dakika, ni mapigo 45 kwa sekunde, yaani hezi 45. Mkia kwenye mashine yangu unazunguka mara 4.24 kwa kila mzunguko mmoja wa rota: hezi 191. Mota, 519. Kila kinachozunguka kina namba yake, na kilele kitakachotokea kitamtaja mwenyewe.

Nilitoa mapanga makuu kwanza. Hakuna sababu yoyote ya kuzungusha mapanga ya milimita 325 juu ya meza, na anayefanya hivyo ana bahati ambayo siku moja itaisha. Kidhibiti kasi changu kinashikilia mzunguko uleule hata mzigo ukipungua, kwa hiyo namba zangu zilibaki halali. Nikaifunga helikopta juu ya godoro la sponji, nikaiendesha, nikatazama mchoro. Kilele kimoja kirefu kilisimama karibu na hezi 190. Kwenye 45 kulikuwa na kilima kidogo, kwenye 519 karibu na hakuna.

Mkia, basi. Lakini mkia una vitu vingi: mapanga mawili madogo, kitovu chake, shafti, beringi, kapi la mkanda. Nikatoa mapanga ya mkia na kurudia. Kilele kilipungua kama robo, kisha kikabaki pale pale. Kumbe mapanga hayakuwa chanzo. Nikafungua sanduku la mkia, nikaichomoa shafti, nyembamba kuliko kalamu, nikaiviringisha juu ya kile kioo nilichonyooshea fremu. Upande mmoja ulikwenda kimya. Upande mwingine ulipiga kioo: ti, ti, ti. Nikaweka jicho usawa wa kioo nikaona chini yake mwanga unafunguka na kufunga, mwembamba kama unywele.

Nikakumbuka. Miezi minne nyuma nilitua kwenye nyasi ndefu, mapanga ya mkia yakazikata. Nilibadilisha mapanga, nikatazama, nikaona sawa, nikaendelea kuruka. Muda wote kabla ya fremu mpya, shafti ile iliyopinda ilikuwa inapiga mara 191 kila sekunde na plastiki ikaimeza, nami nikawa nasifu utulivu wa mashine yangu.

Shafti mpya iliingia jioni hiyohiyo. Beringi mbili za mkia nilizibadilisha pia, kwani zilizokuwepo zilikuwa zimekaa na shafti iliyopinda na moja ilikuwa inakwaruza ukiizungusha kwa kidole. Kilele kikashuka mpaka nikalazimika kukitafuta. Nikarudisha tepu nyembamba, nikarudisha unyeti wa zamani, kisha nikaupandisha kupita pale. Mkia ulisimama kama umepigiliwa. Hapo ndipo nilipoionja faida ya kaboni: jairo ikipewa taarifa safi inavumilia unyeti ambao kwenye plastiki nisingethubutu, kwa sababu fremu haijikunji kati ya anayesoma na anayetenda.

Sikuridhika, nikataka uhakika. Rafiki alikubali tuifunge ile shafti mbovu kwenye mashine yake, na jairo yangu kwa muda. Ikazunguka kwenye godoro lilelile. Kilele kilikuwepo, pale pale karibu na 190, lakini hakikufika hata theluthi ya kile cha kwangu, na aliporuka nayo mkia haukutikisika. Ingekuwa mimi ndiye fundi wake ningeapa kwamba mashine ni nzima. Aliposhuka aliizima, akakaa kimya, kisha akaanza kuichomoa shafti kuu ya kwake mwenyewe. “Lete hicho kioo,” akasema.

Mambo mawili yaliyobaki ni ya umeme, na moja nusura liniangushe. Kaboni inapitisha umeme na inaziba mawimbi. La pili nililijua: antena za hezi bilioni 2.4 zina ncha tupu ya kama milimita 31, na ncha hiyo ikilala kati ya mabamba mawili ya kaboni ni sawa na kuifungia kwenye bati. Nilizitoa nje kwa vijibomba vya plastiki, moja ikitazama chini na nyingine pembeni ili ziwe na pembe mraba, nikapima umbali kwa rimoti ikiwa kwenye nguvu ndogo, huku rafiki akiizungusha helikopta mikononi pande zote.

La kwanza nililijua pia, kwa kichwa. Baada ya kama miruko 14 nilikuwa nafuta vumbi nikaona waya wa servo umeng'aa mahali pasipopaswa kung'aa. Ulipitia kwenye mojawapo ya yale matundu niliyoyaruka kwa msasa. Ukingo ulikuwa umekula ngozi ya waya mwekundu mpaka shaba, na mweusi wa jirani ulikuwa umeanza. Waya mmoja ukigusa kaboni pengine hutaona kitu. Wa pili ukigusa, fremu yenyewe inakuwa waya, umeme wa risiva, kipokezi cha mawimbi ya rimoti, unazama, na servo zote zinakufa kwa pamoja. Ilibaki unene wa ngozi ya plastiki iliyochubuka nusu. Nilivua kila kitu tena kwa ajili ya matundu manne, nikayasugua ndani ya maji, na nyaya zote sasa zinavaa soksi ya nyuzi na kufungwa zisicheze.

Kisha nikaiangusha, kama ilivyotarajiwa. Niliigeuza kichwa chini nikiwa chini mno, vidole vikasahau upande gani ni juu. Nilishawahi kuanguka vilevile na plastiki, kwa hiyo naweza kulinganisha. Ile ya plastiki ilivunjika yenyewe: ilipasuka mbele, chini ya betri, na shafti kuu ikapinda, gia ilipona. Ya kaboni ilisimama imara na kupeleka kipigo kwa majirani. Shafti kuu, shafti ya kichwa inayobeba mapanga, gia kuu, bomba la mkia, miguu, na meno ya servo moja, vyote vilikwenda. Bamba la kushoto lilikuwa na kona iliyonyauka tu. Niligonga kuizunguka kwa sarafu: kaboni nzima inalia kavu na juu, na pale tabaka zilipoachana sauti inakuwa nzito, kama kugonga kadibodi. Sehemu iliyoachana ilikuwa upana wa ukucha, mbali na skrubu. Niliinywesha gundi nyembamba, nikaibana usiku kucha, na bado naitumia. Ingekuwa karibu na nyumba ya beringi ningeitupa.

Kwa anayejifunza bado, anayeanguka kila juma, nisingemshauri kaboni. Aruke na plastiki, avunje plastiki. Kwa anayemenya gia hewani huku pengo likiwa limepimwa vizuri, fremu ngumu ina maana, ila aviringishe shafti zake zote juu ya kioo kabla ya kuifunga, si majuma matatu baadaye kama mimi.

Baada ya matengenezo ya ajali nilichora mtetemo upya na kuuweka kando ya ule niliouhifadhi wakati mashine ilipokuwa safi. Hezi 191, tulivu. 519, tulivu. Kwenye 45 kile kilima kidogo kimekua kidogo, na safari hii pia mapanga makuu hayamo, kwa hiyo siwezi kuyasingizia. Kichwa cha rota kiko mezani vipande vipande, na kioo kiko pembeni yake.